HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA KUTIMIZA MIAKA KUMI: AKIBA YETU NA MAJI YA MTO

 

 Habari za hisa na mikopo mtazisoma kwenye taarifa ya mweka hazina, imo humu humu kitabuni. Sisi tunataka kusema jambo moja tu, nalo ni maji.

Maji kwetu siyo mgeni. Wazee wanayakumbuka mafuriko ya 1968, ambayo baada yake Serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vya nchi ya juu. Wanayakumbuka ya 1974. Na wengi wetu tuliyaona kwa macho yale ya El Nino, 1997 kuingia 1998. Hata hivyo wazee hawakuuchukia mto. Maji yakipungua yaliacha udongo mpya, watu wakapanda mahindi ya mlau, samaki wakabaki kwenye mabwawa. Shambani walijenga dungu, chakula na mbegu vikakaa juu. Mto ulimpa aliyejiandaa, ukamnyang'anya asiyejiandaa.

Sasa tuje mwaka 2024. Kuna waliosema Bwawa la Julius Nyerere likikamilika mafuriko yamekwisha. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022. Masika ya 2024 likajaa, na maji ya ziada yakafunguliwa. Jamani, bwawa ni kama ndoo, lina kipimo chake. Tena mvua inanyesha pia huku chini ya bwawa. Aprili ile maji yalifunika mashamba na nyumba, Rufiji na Kibiti. Kabla hayajakauka, tarehe 4 Mei kikaja kimbunga Hidaya upande wa Mafia, na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga.

Mnakumbuka kikao chetu baada ya hapo. Wenzetu wenye mpunga bondeni, na wale wa delta wanaokuja kwa mashua, walikuwa wamekopa kulipa vibarua. Marejesho yalikuwa mwezi wa sita, baada ya kuvuna. Kuvuna nini? Wapo waliosema fedha ni zetu, walipe na faini juu, kanuni ndivyo inavyosema. Wapo waliouliza, walipe kwa tope? Tulikaa mpaka jua likazama. Mwisho tukakubaliana marejesho yasogezwe mpaka msimu wa korosho, bila faini. Na walilipa. Mwingine kwa kuokota korosho za watu, mwingine kwa kusuka mikeka, mwingine kwa kuuza samaki. Mmoja alihama, deni lake likakatwa kwenye hisa zake. Kikundi hakikuvunjika.

Lakini tusitegemee kila mara kugombana mpaka usiku. Ndiyo maana leo tunaleta pendekezo. Kila mwanachama atoe shilingi 500 kila wiki kwenye mfuko wa masika. Mfuko huu usiguswe siku ya kugawana. Ukae, maji yakija usaidie chakula, mbegu na dawa. Pili, mikopo ya kilimo cha bondeni iandikiwe kabisa kwenye kanuni kwamba mafuriko yakitokea marejesho yanasogezwa.

Tumeshasikia manung'uniko. Mama wa nchi ya juu anasema, mimi maji hayanifikii, nitoe ya nini? Tunamjibu kwa heshima. Mama, hisa yako haikai sandukuni. Sandukuni kuna madaftari na fedha kidogo. Hisa yako iko shambani kwa mwenzako, bondeni. Shamba lake likizama, na hisa yako imezama. Akiinuka akapanda tena, faida yako imeinuka. Tena upepo wa kimbunga hauchagui bati la juu wala la chini, na barabara ikikatika bei ya sukari inapanda kwetu sote.

Nyumbani nako tujiandae, maana tahadhari kabla ya hatari. Kwanza, tusingoje kuangalia wingu la Kibiti. Mto wetu unaletwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mvua inanyesha Morogoro, Iringa na Mbeya, maji yanatufikia huku jua linawaka. Ukisikia redioni kule kunanyesha sana, anza kuhamisha mpunga. Kwa wa delta, tazameni na mwezi: maji ya mto yakikutana na bamvua hayana pa kwenda, yanarudi majumbani.

Pili, kitambulisho, kadi ya kliniki na kijitabu cha hisa vikae kwenye mfuko wa plastiki, mahali pamoja. Tatu, mbegu ya msimu ujao iwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko, nchi ya juu, kwa ndugu au kwa mwanachama mwenzako. Nne, maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu choo kikizama kipindupindu hakiko mbali. Tano, kila nyumba ijue nani atambeba bibi, nani atamsindikiza mjamzito, na mtumbwi ni wa nani. Hayo yasemwe mwezi wa pili, siyo usiku maji yakiwa mlangoni. Watoto wasichezee maji, mamba naye anahama na mafuriko.

Ndugu Mgeni Rasmi, kwako tuna maombi mawili. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Tunaomba kamati hizo zikutane kabla ya masika, na akina mama tuwemo. La pili, maji yakitaka kufunguliwa bwawani, taarifa itufikie mapema kwa simu na kwa kipaza sauti cha msikitini, tupate siku za kuhama.

Wanachama, kura ya mfuko wa masika tutapiga kikao kijacho. Kila mmoja aende akafikirie hisa yake iko shamba la nani.