TEMBEA UONE: NYASI ZA KANSAS MAJIRA YA MAPUKUTIKO

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana, na kuandikwa upya kwa wasomaji wa jarida)



Ndugu zangu mabarobaro na mabanati, wazee wetu mliotuheshimu kwa kuketi nasi, nawe msomaji ambaye hukubahatika kuwepo siku hiyo.

Wahenga walisema kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini wako wanaotembea kwingi na wasione kitu. Kila mwaka wapo vijana wetu wanaojaaliwa kwenda ng'ambo kusoma, wengine hadi Marekani. Anafika Agosti, anaingia darasani, kutoka darasani ni chumbani, simu mkononi. Novemba ikiingia baridi imeshuka, jua linatua mapema, na moyo wake umejaa unyonge. Akirudi ukimuuliza, "Hebu tueleze, nchi ya watu umeona nini?" atakutajia maduka na barabara.

Basi leo nataka nikuchukue matembezi. Twende jimbo la Kansas, katikati ya Marekani, mwezi wa Oktoba, tufuate njia ya miguu katikati ya nyasi. Nimechagua huko kwa sababu watu wengi hupita kwa gari wakisema hapana kitu pale. Na mimi nasema kipo, ila chataka mtu ashuke garini.

PRAIRI NI NINI?

Prairi ni mbuga ya nyasi isiyo na miti mingi. Zamani prairi ya nyasi ndefu ilitanda katikati ya Amerika Kaskazini kiasi cha ekari milioni 170. Leo iliyobaki haifiki asilimia 4, na sehemu kubwa ya masalio hayo ni vilima vya Flint Hills, mashariki mwa Kansas.

Utaniuliza, nyingine zilikwenda wapi? Zililimwa. Mwaka 1837 John Deere, mhunzi wa Illinois, alitengeneza jembe la chuma cha pua lililoweza kupasua udongo ule mzito bila ya kunata. Baada ya hapo prairi ikageuka mashamba ya mahindi na ngano kwa umri wa mtu mmoja tu. Vilima vya Flint Hills vilisalimika kwa sababu chini yake mna mawe ya chokaa yenye gumegume. Jembe likigonga pale linarudi. Wakulima wakashindwa, wafugaji wakaweka ng'ombe. Yaani jiwe lililomuudhi mkulima ndilo lililoinusuru nyasi!

MAHALI PENYEWE

Karibu na mji mdogo wa Strong City iko hifadhi ya taifa iitwayo Tallgrass Prairie National Preserve, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1996, yenye ukubwa wa karibu ekari 10,900. Kiingilio hakuna. Mwanafunzi asiye na pesa naye ana haki yake pale.

Kama miguu haijazoea, anza na njia ya Southwind. Ni mzunguko wa kama kilomita 3, nao unapita karibu na shule ya chumba kimoja iliyojengwa kwa mawe mwaka 1882. Simama pale mlangoni kidogo, utazame upande wa kilima: watoto wa wafugaji walikuwa wakija kusoma katikati ya upepo ule. Ukiwa na nguvu, iko njia ya kupanda hadi juu, kilomita 5 kwenda na 5 kurudi. Huko juu hakuna nyumba wala mnara, ni vilima na mbingu. Na kaskazini, karibu na mji wa Manhattan (si ule wa New York), iko Konza, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas wanaichunguza prairi tangu miaka ya 1970.

RANGI ZATOKA WAPI?

Sisi tukisema vuli twamaanisha mvua ya Oktoba hadi Disemba. Wenzetu wa kaskazini miezi hiyo ni majira ya majani kupukutika, yale ambayo madrasa tulifundishwa kuyaita khariif.

Wengi wakisikia rangi za majira hayo hufikiria miti tu. Prairi ni darasa jingine. Nyasi kubwa ya pale, kwa kitaalamu Andropogon gerardii, huweza kukupita kimo, na mashuke yake yamechanuka vidole vitatu kama mguu wa bata mzinga. Oktoba huwa rangi ya shaba na zambarau iliyoiva. Nyasi ndogo yake, Schizachyrium scoparium, huwa nyekundu kama kutu, na jua la jioni likiipiga kwa nyuma utadhani kilima kinawaka. Ile Sorghastrum nutans huwa ya dhahabu. Upepo ukipita, rangi zote hizo huenda na kurudi mfano wa mawimbi. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa mawimbi.

Kisha kuna kichaka kiitwacho sumaki, chekundu kupita vyote. Jina hilo la Kizungu lina asili ya Kiarabu, summaaq, nacho ni jamaa ya kile kiungo kichachu wanachonyunyizia Washami kwenye nyama na saladi. Umekwenda hadi Kansas, kumbe jina unalifahamu!

Sasa sababu yake. Jani lina rangi ya kijani iitwayo klorofili, ambayo kwayo mmea hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Siku zikifupika na usiku ukipoa, mmea huivunja klorofili na kuokoa virutubisho. Kijani kikiondoka, manjano iliyokuwa imejificha ndani hujitokeza. Nyekundu mara nyingi hutengenezwa wakati huo huo kutokana na sukari iliyobaki jani, hasa mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi.

Na nyasi je? Nyasi hushusha akiba yake mizizini. Mizizi ya ile nyasi kubwa yaweza kwenda chini zaidi ya mita 2, na zaidi ya nusu ya mmea mzima iko chini ya ardhi. Kwa hiyo unapoiona imekauka usiilie. Haijafa, imeweka akiba. Ndiyo maana moto ukipita huchipua tena. Tena moto ni dawa yake: usipochoma kwa miaka, miti huvamia na nyasi hupotea. Haya yamepimwa Konza, ambako sehemu nyingine huchomwa kila mwaka, nyingine baada ya miaka miwili, mingine minne, na nyingine hadi ishirini.

WENYE ARDHI

Usitazame rangi ukasahau watu. Jina Kansas latokana na watu wa Kansa, waitwao pia Kaw, ambao jina lao huhusishwa na upepo wa kusini. Wao na wenzao ndio waliokuwa wakiichoma prairi ili nyasi mpya ivute nyati wa Kimarekani. Mwaka 1873 walihamishwa kwa lazima kupelekwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Nyati nao waliokuwa makumi ya milioni, kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walibaki mamia tu.

Walikuwa na jiwe jekundu kubwa, la tani zaidi ya 20, wanalolienzi tangu enzi za mababu. Mwaka 1929 lilichukuliwa likasimamishwa mjini Lawrence, likabandikwa bamba la kuwasifu walowezi. Hebu jiweke mahali pao: kitu cha babu yako kinachukuliwa, kinaandikwa sifa za aliyekutoa kwako! Watu wa Kaw hawakuchoka kudai, na mwaka 2023 jiwe liliondolewa Lawrence ili lirudishwe kwao, kwenye ardhi yao karibu na Council Grove. Nyati nao, 13 wa mwanzo walirudishwa katika hifadhi ya Strong City mwaka 2009. Kilichopotea kinaweza kurudi, lakini huchukua umri wa watu wengi.

ADABU ZA NJIA

Kwanza, usiende pekee. Chukua mwenzako, na mjulishe mtu mnakwenda wapi.

Pili, beba maji na nguo ya kuzuia upepo. Asubuhi baridi, mchana joto, jioni baridi tena.

Tatu, vaa suruali au nguo ndefu, soksi juu. Kupe wapo. Na uchunge mmea wa majani matatu matatu unaobadilika kuwa mwekundu: unapendeza, lakini ukiugusa ngozi inawasha kwa siku nyingi.

Nne, ukimwona nyati kaa mbali naye, angalau mita 100. Anaonekana mzito na mpole, lakini mbio humuwezi.

Tano, usitoke njiani, usichume, usiache taka.

Sita, jua saa. Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma, na ghafla Magharibi huwa yaingia kama saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Wengi hushikwa na giza siku hiyo.

TUKIRUDI KWETU

Msomaji, ile nyasi ya Kansas si mgeni kwako. Ni ya ukoo mmoja na mtama, muwa na mahindi. Jamaa yake mwingine, Themeda triandra, ndiye anayezipa mbuga zetu wekundu ule wakati wa kiangazi, kuanzia Mara hadi Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliyotengwa mwaka 1946. Basi si lazima upate viza ndipo ujifunze kutazama. Jumamosi ijayo mchukue mdogo wako, mwende kwenye uwanda wowote wenye nyasi, muulizane: hii yaitwaje? Nani aliishi hapa? Nani anaipimia viwanja?

Wamarekani walikuwa na ekari milioni 170, wakaona hazitaisha. Leo wanalinda vipande kwa sheria, wakihesabu nyati mmoja mmoja. Sisi bado tunazo. Anayeijua nyasi kwa jina hatakaa kimya siku itakapopigwa mnada.