Kuku, Kondoo na Kanga: Kwa Nini Wanaanza na K



Mtoto wa darasa la kwanza akiambiwa ataje wanyama wa kufugwa ambao majina yao yanaanza na K, hujibu upesi: kuku, kondoo. Aliyekulia kwenye boma lenye ndege wengi huongeza kanga. Mwalimu huweka alama ya vema, kisha darasa linahamia herufi nyingine. Jioni hii naomba tusiipite K upesi hivyo. Majina hayo matatu hayakukutana hapo kwa bahati.

Tuanzie kwa N, ambayo majina mengi ya wanyama huanza nayo. Ng'ombe, nguruwe, ngamia, ndama, njiwa. Mbuzi na mbwa nao ni wa kundi hilohilo, maana N ikitangulia B hugeuka kuwa M. Sasa sikilizeni tunavyosema kila siku: nyumba nzuri, nyumba mbaya, nyumba kubwa. Kwenye -zuri, N ipo wazi. Kwenye -baya imekuwa M. Kwenye -kubwa haionekani kabisa. Hakuna mama aliyemkalisha mwanawe chini kumfundisha kwamba "nyumba nkubwa" ni kosa, na bado mtoto hakosei. Kanuni hiyo iliyoimeza N ya "kubwa" ndiyo iliyoimeza N iliyokuwa mwanzoni mwa kuku.

Majirani zetu ni mashahidi. Waganda husema enkoko. Wanyarwanda na Warundi husema inkoko. Kule kusini Wazulu husema inkukhu. Wote wameishika N ambayo sisi tumeiachia. Hata hivyo haikuondoka bila kuacha alama. Nendeni Mombasa au Lamu, mkamsikilize bibi akizungumza habari za kuku wake. K yake hutoka na pumzi: khuku. Igeni matamshi yake huku mmeweka kiganja mbele ya mdomo, na mtaihisi hewa ikigonga ngozi. Hewa hiyo ndiyo mabaki ya N. Wala si pambo la lafudhi, kwa sababu hubeba maana: kwa wasemaji hao paa la nyumba halina pumzi, na yule mnyama wa porini, phaa, anayo.

Maandishi yetu sanifu hayaonyeshi jambo hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha, na tahajia tuliyorithi haina alama ya pumzi. Faida zake ni kubwa: vitabu vimesomeka kutoka pwani hadi maziwa makuu. Ila gharama ilikuwepo, na nadhani tumeizungumza kidogo mno. Kwenye vazi la akina mama, ambalo wengi husema limepewa jina la kanga kwa sababu ya madoa yake, bado wapo wanaoandika khanga. Hiyo h ambayo wengine huiona kuwa kosa la tahajia imeishika sauti ambayo kamusi zetu nyingi zimeiacha.

Kinachonigusa zaidi ni asili ya wanyama wenyewe. Kuku ametokana na kuku mwitu wa misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Kondoo, ambaye Wakikuyu humwita ng'ondu, alifugwa kwanza Asia ya Magharibi yapata miaka 10,000 iliyopita. Wafugaji wakamshusha kutoka kaskazini hadi kando ya Ziwa Turkana zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kanga peke yake ndiye mwenyeji, ndege wa mbuga za Afrika. Mgeni wa Asia na mzaliwa wa hapa wakaingizwa katika ngeli moja, wakapewa N moja, na wote wakaipoteza kwa kanuni moja. Ngamia naye, ambaye wengi humhusisha na jamal ya Kiarabu, akavishwa N inayosikika hadi leo.

Wafugaji huwakutanisha kuku na kanga hata kwenye kiota. Kanga jike hutagia vichakani na huacha mayai yake kwa urahisi, basi mwenye mji huyaokota na kumwekea kuku anayeatamia. Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Ya kanga huhitaji siku 26 hadi 28. Kuku huyo hukaa karibu wiki nzima zaidi, akiwalalia watoto wasio wake.

Maarifa ya namna hii yanakaa kwa watu wenye mifugo, pamoja na msamiati wake: tembe, kuku jike aliyekaribia kutaga; pora, jogoo mchanga asiyewika bado; koo, jike aliyekwisha kuzaa; mfarika, mbuzi au kondoo ambaye hajazaa. Vijana wengi wa mjini wanajua kuku wa nyama na kuku wa mayai, basi.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanafunzi wa isimu mlio hapa. Likizo ijayo chukueni simu zenu, mwende kwa bibi na babu zenu wenye mifugo, muwarekodi wakitaja majina ya wanyama wao wote, wa kila umri na kila rangi. Andikeni pumzi pale mnapoisikia, hata kama kamusi haiiandiki. Rekodi hizo leteni idarani. Tutazihifadhi na kuzisikiliza pamoja.