Wifi isiishie kwenye korido
Hotuba kwa wanafunzi na vijana wa Kasongo na Kabambare, Lusangi



Leo hatukuja kuongea uchaguzi. Tumekuja kuongea jambo ambalo wakubwa wengi wanaliona dogo: wifi ndani ya chumba cha mwanafunzi.

Kijana wa Lusangi akipata diplome yake, anaenda kusoma Kasongo, Kindu ao mbali zaidi. Anaingia katika home ya wanafunzi, chumba kimoja watu wanne. Pale ndipo analala, pale ndipo anapika, na pale ndipo anasoma. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inchi yetu iko katika mfumo wa LMD, na LMD inataka mwanafunzi atafute mwenyewe. Sawa. Lakini atafutie wapi? Ananunua forfe, na siku ya forfe ni siku ya kula mara moja.

Sisi tuliopita huko tunajua. Tulipokuwa tunaandika memware, tulitoka usiku kutafuta rezo mahali pa juu. Dada zetu walitembea kwa kundi kwa sababu ya kuogopa njia. Na tulikuwa tumelipa franga ya intaneti pamoja na minervali! Risiti tuko nazo mpaka leo.

Tuseme ukweli: mara nyingi wifi inawekwa, lakini inawekwa vibaya. Wanafunga kifaa kimoja kwenye korido, wanapiga picha, wanaenda. Mawimbi yanapita mlango wa mbao, lakini ukuta wa matofali na simiti unayachosha. Kuta mbili, tatu, basi. Mwenye chumba cha karibu anafurahi. Wa mwisho anakaa chini koridoni na kompyuta kwenye magoti. Tena wifi ni kama mkutano: kwenye njia moja, anaongea mmoja kwa zamu. Watu 80 kwa kifaa kimoja, kila mtu anangoja. Wengine wanasema: tuongeze nguvu ya kifaa. Haisaidii. Telefoni yako itasikia kifaa, lakini kifaa hakitasikia telefoni yako, sababu sauti yake ni ndogo.

Dawa iko, na inajulikana: kifaa kidogo, chenye nguvu ndogo, ndani ya kila chumba, ao kimoja kwa vyumba viwili vinavyopakana. Kila kifaa kinaungwa kwa waya kutoka sanduku la kugawa, na waya huohuo unabeba intaneti na umeme pamoja, usipite mita 100. Masafa ya gigahezi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Ya gigahezi 5 yana njia nyingi zaidi, na ukuta unayazuia. Hapo ukuta uliokuwa adui unageuka rafiki: chumba hiki hakisumbui kile.

Umeme je? Kifaa cha namna hiyo kinakula karibu wati 10. Vifaa 20 ni wati 200, kama balbu chache za zamani. Pano za jua na batri nzuri zinaweza kazi hiyo.

Wenzetu wako mbele. Uganda wako na RENU, Kenya wako na KENET, mitandao ya vyuo vikuu. Kupitia eduroam mwanafunzi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, na akienda chuo kingine chenye eduroam inamufungukia vilevile. Kongo nayo iko na Eb@le, mtandao wa vyuo vyetu. Na Starlink, iliyokatazwa katika inchi yetu Machi 2024, ilipata ruhusa Mei 2025. Lakini sahani ya satelaiti ni mlango tu. Bila waya mpaka chumbani, sahani italisha ofisi ya rekta, wanafunzi watabaki kuitazama juu ya paa.

Kitu kingine. Mukiwa na waya ndani ya home, kompyuta moja inaweza kutunza sillabus, vitabu, na Wikipedia nzima ya Kifaransa kwa programu ya Kiwix. Yote inasomwa bila kulipa hata mega moja. Tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018: kisha uchaguzi, Serikali ilikata intaneti siku karibu 20. Kompyuta ya namna hiyo Kinshasa haiwezi kuizima.

Tunasikia wanaosema: home hazina maji, na nyinyi munaomba wifi? Tunajibu: maji tunadai pia. Lakini mtu asitutumie ukosefu mmoja kwa kufunika mwingine. Franga ya intaneti imekwisha kulipwa. Haikulipwa kwa ajili ya maji wala ya gari la mtu.

Basi tunadai mambo manne:

1. Chuo chochote kinachopokea franga ya intaneti kibandike hesabu yake ukutani: iliingia ngapi, ilinunua nini.
2. Home yoyote mupya iwekwe waya kila chumba wakati wa kujenga. Kutoboa ukuta kisha ni gharama mara mbili.
3. Wanafunzi wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wafundishwe kutengeneza na wapewe ufunguo wa sanduku.
4. Sheria 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inaongea huduma ya mawasiliano kwa wote, na mfuko wa FDSU uko kwa ajili ya sehemu ambako kampuni hazioni faida. Wabunge wetu waulize: kusini ya Maniema itafikiwa lini?

Musiseme hawatatusikia. RAM ilikuwa inakata yunite zetu. Watu walikataa inchi nzima, na mwaka 2022 ikaondolewa.

Kazi ya kwanza haina bei. Muliyo katika home, piteni chumba kwa chumba na telefoni. Andikeni: namba ya chumba, watu wangapi, wifi inafika ao haifiki. Muweke sahihi zenu chini. Karatasi hiyo tutaipeleka pamoja na risiti, kwa amani, mchana, na mapema kabla ya minervali ya mwaka ujao kuombwa.