Tuzo kwa Vijana wa Nchi Jirani Wanaopiga Vita Umaskini

Imekuwa desturi siku hizi kwa mashirika ya kimataifa kutoa tuzo kwa vijana walioanzisha shughuli za uzalishaji au za huduma kwa nia ya kuwatoa wenzao katika umaskini uliokithiri. Baadhi ya vijana hao wametoka katika nchi jirani za Kenya na Uganda, na majina yao yametajwa kwa heshima katika miji ya mbali. Sisi majirani tunafurahi pamoja nao. Hata hivyo, yatupasa tujiulize: tuzo hizo zina faida gani kwa yule maskini ambaye kwa ajili yake zinatolewa?

Kwanza tuuelewe umaskini wenyewe. Mwezi wa Juni 2025, Benki ya Dunia ilipandisha kipimo cha umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 za Kimarekani kwa mtu mmoja kwa siku, baada ya kuzingatia tofauti za bei baina ya nchi na nchi. Walio wengi miongoni mwa watu wanaoishi chini ya kipimo hicho wako katika Afrika, kusini ya Sahara. Mwaka 2015 mataifa ya ulimwengu yaliazimia katika Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo mwaka 2030 umaskini wa namna hiyo uwe umefutwa. Muda uliosalia ni mfupi na kazi iliyosalia ni kubwa.

Tangu tupate uhuru tumefundishwa kwamba maadui zetu ni watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Vijana watatu tutakaowataja leo kila mmoja amemkabili adui mmoja miongoni mwa hao.

Charlot Magayi alilelewa katika mtaa wa mabanda wa Mukuru, mjini Nairobi, na huko aliuza mkaa ili apate riziki. Mwanawe aliungua vibaya kwa jiko la mkaa. Mwaka 2017 alianzisha shughuli ya kutengeneza majiko kwa mabati na vyuma vilivyokwisha kutumika, majiko yatoayo moshi mchache na kula mkaa kidogo. Mwaka 2022, mjini Boston, alipewa tuzo ya Earthshot yenye thamani ya pauni milioni 1. Faida ya jiko hilo ni rahisi kuielewa. Mama anayenunua mkaa kwa kopo, kwa sababu hana fedha za gunia zima, kwa kawaida huulipia zaidi kuliko mwenye uwezo. Kila kopo analoliokoa ni fedha zinazobaki mfukoni mwake kwa unga na kwa daftari la mtoto.

Wawira Njiru, naye wa Kenya, alikuwa akisomea mambo ya lishe nchini Australia alipowapikia rafiki zake chakula cha Kikenya na kuwaomba walipie. Kwa fedha hizo alijenga jiko dogo huko Ruiru, na mwaka 2012 akaanza kuwalisha wanafunzi 25. Leo shirika lake linapika chakula cha mchana kwa maelfu na maelfu ya watoto wa shule. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa nchini Kenya ulimtangaza kuwa mtu wa mwaka.

Nchini Uganda, Brian Gitta aliugua malaria akiwa mwanafunzi, akachoshwa na kutobolewa kwa sindano mara kwa mara kabla ugonjwa haujagunduliwa. Yeye na wenzake wakabuni chombo kinachobanwa kidoleni, ambacho hutafuta dalili za malaria kwa mwanga bila kutoa damu. Mwezi wa Juni 2018, akiwa na umri wa miaka 24, alipokea mjini Nairobi tuzo ya pauni 25,000 kutoka Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza, akiwa Mganda wa kwanza kuipata.

Ndugu wananchi, habari ya kijana huyo wa Uganda ina funzo kubwa. Siku alipopokea tuzo, chombo chake kilikuwa bado kinafanyiwa majaribio. Baina ya chombo cha majaribio na zahanati ya kijijini kuna safari ndefu ya vipimo, vibali na mitaji, na safari hiyo haimalizwi kwa makofi ya ukumbini. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hatusemi kwamba vijana hawa wamelitia tembo maji. Tunasema kwamba anayesifu naye ana wajibu, na wajibu huo haumaliziki kwa kusifu.

Wajibu huo ni upi? Mfano mwema uko Nairobi. Mwaka 2023 serikali ya kaunti ya jiji hilo ilishirikiana na shirika la Wawira Njiru katika mpango uitwao Dishi na Kaunti. Kaunti ilijenga majiko makubwa, na mzazi akatakiwa kulipa shilingi 5 tu za Kenya kwa mlo mmoja, gharama iliyobaki ikibebwa na kaunti pamoja na shirika. Mtoto huvaa mkanda mkononi, akaugusisha kwenye chombo cha kuhesabia na kupewa sahani yake. Aliyelipiwa na asiyelipiwa hawatofautishwi mbele ya wenzao.

Hapo ndipo wazo la kijana mmoja lilipopata nguvu ya umma. Kijana alileta ujuzi, kaunti ikaleta fedha za wananchi, na mzazi akachangia kwa kadiri ya uwezo wake. Bila mkono wa umma, jiko la Ruiru lingeweza kubaki mfano wa kupigiwa picha. Na bila jiko la Ruiru, mkono wa umma ungelazimika kuanza kwa kubahatisha.

Yafaa nasi tuwatafute vijana wa namna hii kabla hawajatafutwa na wageni. Kijana mwenye jiko bora ahitaji mkopo wa riba nafuu na soko la uhakika. Mwenye chombo cha tiba ahitaji maabara na kibali kisichocheleweshwa bila sababu. Tena tukubali kwamba majiko na sahani za chakula peke yake havitaondoa umaskini, iwapo mkulima hapati bei ya haki na mtoto hana mwalimu.

Na tutakapotoa tuzo zetu wenyewe, tusiwaulize waamuzi peke yao nani anastahili. Tumwulize pia mama anayenunua mkaa kwa kopo kama mwaka huu amebakiwa na chochote.