Dawa ya Mzazi, Uhai wa Mtoto

Bismillahi Rahmani Rahim.



Wanavyuoni wamehesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika nyumba ya mgonjwa huonekana wazi jinsi mambo hayo yalivyofungamana: nafsi ya mzazi ikipotea, kizazi hutetereka na mali hutawanyika. Ushahidi wa jambo hili hauna haja ya kutafutwa mbali. Umo katika nchi hii ya Tororo na Busia, ambayo Buteba ni sehemu yake.

Mwezi wa Machi 2001 serikali ya Uganda iliondoa ada ya matibabu katika zahanati zake. Hilo lilikuwa jambo kubwa kwa maskini. Hata hivyo, mlango ukiwa wazi bila ya malipo, bado iko njia ya kuufikia. Mwanamke mwenye homa, na mtoto mgongoni, hawezi kwenda maili nyingi kwa miguu. Na nauli ya kwenda mjini na kurudi huenda ikawa ndiyo chakula cha nyumba nzima. Kwa mtu wa namna hiyo, dawa ya bure iliyo mbali ni sawa na dawa isiyokuwapo.

Mwaka ule ule matabibu walianza uchunguzi katika vijiji vya upande wa Tororo, miongoni mwa watu wenye virusi vya UKIMWI pamoja na jamaa zao. Hapo kwanza wagonjwa walipewa septrini tu, kila siku. Ajabu iliyoonekana ni kwamba watoto wasiokuwa na virusi, ambao wenyewe hawakupewa dawa ile, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 63. Tena mtoto wa chini ya miaka 10 aliyefiwa na mzazi mgonjwa alikuwa na hatari ya kufa iliyofikia karibu mara tatu ya mwenziwe ambaye mzazi wake yu hai.

Mwaka 2003 zikaja dawa zenyewe za kupunguza makali ya UKIMWI. Wagonjwa hawakuambiwa wazifuate hospitali. Watumishi waliofundishwa, ambao si madaktari, walipanda pikipiki wakazipeleka nyumba kwa nyumba kila wiki, wakiuliza hali ya kila mgonjwa. Matokeo yake yaliandikwa mwaka 2008 na Jonathan Mermin na wenzake katika jarida la utabibu liitwalo Lancet. Vifo vya wagonjwa vilipungua kwa asilimia 95, vifo vya watoto wao wasio na virusi vilipungua kwa asilimia 81, na uyatima ukapungua kwa asilimia 93.

Sababu yake haikufichikana. Mama aliye hai na mwenye nguvu ndiye alimaye shamba, atekaye maji, na aamkaye usiku akahisi joto la mwili wa mtoto kabla ya malaria haijamshinda. Baba mzima hauzi ng'ombe wala kiwanja kwa ajili ya kujiuguza. Kumtibu mmoja ni kuitibu nyumba.

Huenda mtu akauliza kama kulikuwa na haja ya kumfuata mgonjwa kwake. Uchunguzi mwingine, uliofanywa Jinja na kutangazwa mwaka 2009, ulilinganisha waliohudumiwa nyumbani na waliohudumiwa hospitali. Afya zao zilikuwa karibu sawa, lakini waliofuatwa nyumbani walitumia fedha chache zaidi. Basi yule aliyeweza kufika alipata nafuu kote kuwili. Tofauti ilikuwa katika mzigo wa njia, na mzigo huo humwangukia maskini.

Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nchi za nje, na huduma nyingi za UKIMWI katika Uganda zikatikiswa. Tukio hilo lilionyesha kwamba msaada wa mbali hupungua bila ya kumshauri mgonjwa. Hapo ndipo jamaa inapopimwa.

Jambo linalotakiwa si kubwa kupita uwezo wa watu wa kijiji. Jina la boda boda lenyewe lilizaliwa mpakani hapa Busia, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu. Jamaa iliyo na vijana wenye pikipiki, na sanduku dogo la nauli za wagonjwa, inaweza kumfikisha mama zahanati siku yake ya dawa, na kumtazama nyumbani asipoonekana. Na amfichuaye mgonjwa kwa kumsengenya humfungia njia kuliko umbali wowote; kumsitiri ni sehemu ya kumtibu.

Watoto wa Tororo waliookoka hawakumeza kidonge hata kimoja. Waliokolewa na kidonge kilichomfikia mzazi wao kwa wakati.

Wabillahi tawfiq.