Fishi ya Kilo ya Mtoto

Wengine wenu munafungia chumvi katika fishi ya mtoto. Siwagombeze, karatasi ni haba. Lakini mutazame kwanza ule mstari. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3, kwa miezi 5 anafika karibu kilo 6, na kwa mwaka mumoja karibu kilo 9. Mstari ukilala miezi miwili, kuna shida, hata kama anacheka. Mizani inaona mbele bwaki haijafika. Tena miguu ikivimba, kilo inaweza kupanda: ni maji, si nyama.

Fishi ikipotea, tunauliza: mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi? Mama anajibu: “Alikuwa munene.” Sasa munganga atajuaje kama anapanda ao anashuka? Uifunge katika plastiki, uje nayo kila mwezi, hata mtoto akiwa muzima.