Daftari la Wagonjwa na Kisima cha Croydon

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya afya. Nitawasimulia habari za mji wa Croydon, kusini ya London.

Katika Uingereza, kwa sheria za mwaka 1889 na 1899, daktari aliyeona mgonjwa wa homa ya matumbo alipaswa kumwarifu daktari mkuu wa mji. Likawekwa daftari la jina, nyumba na siku.

Mwezi wa Oktoba 1937 daftari la Croydon lilianza kujaa. Yalipotazamwa makazi ya wagonjwa, wengi wao walionekana kunywa maji ya kisima kimoja, cha Addington. Mafundi walikuwa wakifanya kazi ndani ya kisima hicho, na mmoja wao alichukua vijidudu vya homa hiyo mwilini pasipo kuugua. Wakati huohuo maji hayakuchujwa wala kutiwa klorini. Wenye kusimamia maji waliijua kazi ile. Daktari mkuu hakuarifiwa. Mwanzo wa Novemba kisima kilifungwa. Lakini homa hii hujificha wiki moja hata tatu kabla ya kujitokeza, basi wagonjwa wakazidi kuandikwa. Watu 43 walikufa.

Wakazi hawakunyamaza. Waliunda kamati, wakadai uchunguzi wa hadhara, wakaupata. Mwaka 1938 mahakama iliamua kwamba halmashauri ya mji ilifanya uzembe.

Wazee wangu, daftari letu la mazishi laonyesha jina la marehemu na fedha zilizotumika kumsafirisha kwao. Lile lililomwua halimo. Tukizika watatu wa mtaa mmoja katika mwezi mmoja, twatoa michango mitatu na kurudi nyumbani, wala hatuulizi walichota maji wapi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali daftari la pili, la wagonjwa: siku ya kwanza ya ugonjwa, mahali anapokaa, na maji anayokunywa. Kila mwanachama amwarifu Katibu mapema, asione haya. Naye Katibu apeleke habari kwa Bwana Afya. Jina la mgonjwa lisitangazwe barazani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi na asiyeuona.